Leo ni siku ya kura Uingereza: maswali yenu na majibu

Leo Alhamisi, 4 Julai 2024, vituo vya kupigia kura vimefunguliwa saa moja asubuhi na vitafungwa saa nne usiku. Majimbo 650 yanachagua wabunge, na kwa jinsi kura za maoni zilivyokuwa wiki hizi zote, chama cha Conservative kilichoshika serikali tangu 2010 kinaelekea kuondoka. Tangu Waziri Mkuu Rishi Sunak atangaze uchaguzi huu tarehe 22 Mei, amesimama nje ya ofisi yake ya Downing Street huku mvua ikimlowesha, maswali yenu hayajakatika. Nimetanguliza ya wale wanaohitaji jibu kabla ya usiku.

Shikamoo dada. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea hapa Leicester. Nina pasipoti ya Tanzania na viza ya kazi. Kadi ya kura imekuja kwa jina langu, lakini wenzangu wananiambia nisithubutu kwenda, eti nitaonekana nimevunja masharti ya viza. Naogopa.

Marahaba mdogo wangu. Nenda. Sheria ya hapa inampa haki ya kumchagua mbunge kila raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali, aliyetimiza miaka 18 na aliyejiandikisha. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo, na Rwanda imo tangu ilipojiunga mwaka 2009. Huhitaji kuwa raia wa Uingereza. Huhitaji ukaazi wa kudumu, wala hakuna miaka ya kungoja. Kadi kuja kwa jina lako maana yake umo kwenye daftari, na viza yako haiguswi kwa kutumia haki ambayo sheria yenyewe imekupa.

Nalirefusha jibu hili kwa makusudi, kwa sababu hofu yako ndiyo ninayoisikia kuliko zote. Watu wanaokatwa kodi kila mwezi, wanaowaogesha na kuwalisha wazazi wa wenzao usiku kucha, wanajiona hawapaswi hata kuonekana kwenye mlango wa kituo. Na maamuzi yanayowagusa yanapita bila wao. Tangu 11 Machi mwaka huu, mhudumu anayekuja kwa viza kama yako haruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto. Uamuzi huo ulitoka serikalini, na serikali hutokana na kura.

Nikueleze utakachokikuta, usibabaike. Kituo huwa shule ya msingi, ukumbi wa kanisa, pengine hata baa. Mlangoni huenda ukamkuta mtu mwenye ua la utepe wa rangi ya chama kifuani akikuomba namba iliyo kwenye kadi yako. Huyo ni wa chama, anahesabu tu wafuasi wao waliokwisha kufika. Si lazima umjibu. Ndani kuna meza na watu wawili. Mmoja atakuuliza jina na anwani, ataangalia pasipoti yako ya Tanzania, ambayo inakubalika, kisha ataweka rula kwenye daftari na kulipigia jina lako mstari. Mwingine atakupa karatasi. Unaingia kwenye kibanda, unatia alama ya X mbele ya jina moja tu, unaikunja, unaitumbukiza kwenye sanduku. Hapachovywi kidole kwenye wino. Dakika tano hazifiki.

Nimehama chumba wiki hii na pasipoti siioni. Nina leseni ya udereva ya Kenya. Inafaa?

Leseni ya Kenya haifai, pole. Leseni inayokubalika ni ya hapa Uingereza, ya visiwa vyake vya jirani au ya nchi za Ulaya zilizotajwa kwenye sheria. Lakini kadi yako ya ukaazi, ile yenye picha na alama za vidole, inakubalika, hata kama muda wake umepita, ilimradi sura iliyo kwenye picha bado ni yako. Kama nayo imepotea pamoja na pasipoti, piga simu halmashauri sasa hivi uombe, kwa dharura, mtu akapige kura kwa niaba yako. Wanapokea maombi hayo mpaka saa kumi na moja jioni, na kupotelewa na kitambulisho ni sababu inayokubaliwa. Huyo utakayemtuma awe mwenyewe amejiandikisha, na aje na kitambulisho chake.

Sharti hili la picha lilikuja na sheria ya mwaka 2022, na leo ndiyo mara ya kwanza linatumika katika uchaguzi mkuu nchi nzima. Ireland ya Kaskazini tu ndiyo ililizoea zamani. Mimi silipendi, na nasema wazi. Kwenye chaguzi za mitaa za Mei 2023 watu kama 14,000 walifika kituoni wakaondoka bila kupiga kura kwa ajili ya kitambulisho. Mwezi Mei mwaka huu hata Boris Johnson, ambaye serikali yake ndiyo iliyopitisha sheria hiyo, alirudishwa kutoka kituoni kwa kusahau chake, ikabidi akakilete. Yeye ana gari na nafasi ya kurudi. Mama anayetoka zamu moja kukimbilia nyingine hana.

Mume wangu ameshaamua chama tutakachopigia sote wawili na anasema ataingia nami kibandani ahakikishe. Sitaki ugomvi nyumbani. Pia navaa nikabu.

Dada yangu, kura hii ni yako peke yako, na hapa sheria iko upande wako waziwazi. Kura ya siri ipo nchi hii tangu 1872, na mwaka jana, 2023, ilitungwa sheria nyingine inayofanya kuwa kosa mtu kukufuata kibandani au kusimama karibu nawe kwa nia ya kukushawishi. Huna haja ya kubishana naye njiani. Mkifika, msimamizi ndiye atakayemzuia. Hiyo ni kazi yake, na wamefundishwa kuiangalia. Kama unaona ni salama zaidi, nenda kwa wakati wako, ukitoka kuwaacha watoto shule au ukienda sokoni. Ulichoandika hakuna atakayekijua usipokisema, na hulazimiki kukisema hata kwa aliyekuoa.

Kuhusu nikabu, omba kukaguliwa faraghani. Kila kituo kinatakiwa kiwe na pahala pa kukagulia uso mbali na macho ya watu, na unaweza kuomba mwanamke ndiye akutazame.

Kwa nini watupe penseli? Si wanaweza kufuta?

Ukiwa na wasiwasi nenda na kalamu yako, inaruhusiwa. Masanduku hufungwa kwa lakiri, na mawakala wa vyama hukaa wakitazama kura zinavyohesabiwa.

Mzee wangu ana miezi mingi anangoja kufanyiwa upasuaji wa nyonga hapa Glasgow. Tukichagua chama cha Labour atapata nafasi haraka?

Nakupa pole, na sitaki kukudanganya. Afya ya Scotland inaendeshwa na serikali ya Scotland, na uchaguzi wake ni mwingine, unakuja 2026. Zile ahadi unazozisikia kwenye televisheni, kama ile ya Labour ya kuongeza nafasi 40,000 za matibabu kila wiki, ni za England, ambako orodha ya wanaongoja imepita milioni 7. Wabunge wa Bunge la London wanachoamua ni ukubwa wa fungu zima la fedha, na sehemu ya fungu hilo ndiyo hufika kwenu. Kwa hiyo kura ya leo inamgusa mzee, ila kwa njia ndefu. Kwa nyonga yake, barua ya wiki hii iende kwa mbunge wenu wa Bunge la Scotland.

Na yule ndugu aliyeandika kutoka huko huko Glasgow, mwenyeji wa Bukavu: leo huwezi kupiga kura, kwani Kongo haimo kwenye Jumuiya ya Madola, na Burundi vilevile. Lakini uchaguzi wa Bunge la Scotland uko wazi kwa wageni wote wenye ruhusa ya kuishi huko, wakimbizi wakiwemo. Jiandikishe mapema.

Jimbo langu limeshikwa na chama kimoja tangu sijazaliwa. Kura yangu ya nini?

Uchungu wako una msingi. Hapa anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, anachukua kiti, na kura nyingine zote hazimpi mtu kitu. Mwaka 2015 chama cha UKIP kilipata kura karibu milioni 3.9 nchi nzima kikaambulia kiti kimoja. Mwaka huohuo chama cha SNP cha Scotland, kwa kura milioni 1.4 na ushei zilizorundikana mahali pamoja, kilichukua viti 56. Mimi naona ni dhuluma, yeyote anayefaidika nayo.

Hata hivyo, mwaka 2017 jimbo la North East Fife liliamuliwa kwa kura mbili. Asubuhi ya siku ile hapakuwa na mtu aliyejua kuwa nyumba moja tu ingetosha kugeuza matokeo. Na mwaka huu majimbo mengi yanayoitwa ngome yanatikisika. Nenda ukapige.

Mke wangu yuko Unguja, mshahara wangu ni pauni 24,000. Kesho serikali ikibadilika, ataweza kuja?

Kaka, kesho hakuna kitakachobadilika. Kiwango cha kipato cha kumleta mwenzi kilikuwa 18,600 tangu 2012, na tarehe 11 Aprili mwaka huu kimepandishwa hadi 29,000. Serikali hii imetangaza kukifikisha 38,700 mapema mwaka ujao. Vyama vyote viwili vikubwa vinaahidi kupunguza idadi ya wahamiaji, kwa hiyo atakayekuambia chama fulani kitakufungulia mlango anakupa matumaini ya bure. Lilichonacho kila jimbo ni mbunge anayepaswa kuwasikiliza wakazi wake wote, waliompa kura na waliomnyima. Wengi wana siku yao ya kuonana na watu. Akishaapishwa, nenda na karatasi zako za mshahara, mweleze umeoa lini na mmeonana mara ngapi tangu hapo. Wakisikia ndoa zinazovunjwa na kiwango hiki, jimbo baada ya jimbo, inakuwa vigumu kwao kusema hawakujua.

Sisi huku Mombasa tunangoja. Nani hutangaza mshindi, na ni siku ngapi?

Hakuna tume inayosimama kumtangaza mshindi wa nchi kama mlivyozoea. Kila jimbo msimamizi wake hutangaza, wagombea wote wakiwa wamepanga mstari nyuma yake, na kila mtu anajumlisha mwenyewe: wa kwanza kupita viti 325 ana wabunge wa kutosha kuunda serikali. Saa nne usiku hapa, yaani saa sita kwenu, BBC, ITV na Sky watatoa makadirio yao kutokana na watu walioulizwa wakitoka vituoni. Sunderland na jirani zake hukimbilia kuwa wa kwanza kutangaza, kabla ya usiku wa manane. Kesho mchana huenda mkaona Waziri Mkuu mpya anaingia ofisini. Anayebishia matokeo ya jimbo hufungua kesi mahakamani ndani ya siku 21.

Natoka kazini saa tatu na nusu na basi langu halitabiriki. Nikifika saa nne kasoro dakika moja nitakuta wamefunga?

Ukiwa kwenye foleni inapogonga saa nne, utapiga kura, hata ukifika mezani saa nne na robo. Mwaka 2010 watu waliokuwa wamepanga foleni Sheffield na kwingineko walifungiwa milango, wakalalamika sana, na sheria ikabadilishwa. Kwa hiyo shika nafasi yako usiiache, kitambulisho kiwe mkononi, na mtu akikuambia muda umekwisha mwambie ulikuwa kwenye foleni kabla ya saa nne na umwite msimamizi wa kituo.