Maswali ya Wasomaji: Sheria ya Kelele Inayoweza Kutekelezwa

Barua nyingi tulizopokea kuhusu kelele za mijini zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kwa nini sheria ipo na usingizi haupo. Tumechagua tano zinazogusa marekebisho ya sheria ndogo na utekelezaji wake.

SWALI: Mimi ni diwani katika kamati inayopitia upya sheria ndogo za kelele za jiji letu. Sheria ya sasa inakataza "kelele za kuudhi" bila ufafanuzi. Wenzangu wanataka maneno hayo yafutwe na badala yake ziwekwe desibeli, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti, pekee. Je, wako sahihi?

JIBU: Mheshimiwa Diwani, wako sahihi nusu. Udhaifu wa maneno kama hayo hutokea pale yanapomwachia ofisa mmoja uamuzi wote bila kigezo. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mji wa Lockport iliyotaka kila mwenye kipaza sauti aombe ruhusa kwa mkuu wa polisi, kwa sababu haikumwekea mkuu huyo masharti yoyote ya kutoa au kunyima ruhusa. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo iliithibitisha sheria ya mji wa Trenton iliyokataza magari ya matangazo kutoa sauti kubwa na ya ghasia barabarani, ingawa haikutaja desibeli hata moja. Maneno ya kawaida, basi, yanaweza kusimama mahakamani mradi yaeleze kwa uwazi kinachokatazwa.

Desibeli nazo zina gharama yake. Zinahitaji kipima sauti kilichohakikiwa, ofisa aliyefunzwa kukitumia, na muda wa kutosha wa kupima kabla mhusika hajapunguza sauti. Sheria yenye desibeli pekee hulala kila mara ofisa mwenye kipimo anapokuwa hayupo, na mara nyingi hayupo. Ninashauri kamati yenu itumie vigezo vya aina tatu. Desibeli zitumike kwa vyanzo visivyohama, kama viwanda, jenereta, mitambo ya kupoza hewa na kumbi za muziki. Kigezo cha kusikika waziwazi kwa umbali uliotajwa kitumike kwa vyanzo vinavyohama, kama redio za magari. Kazi ambazo kelele yake haipunguziki kwa urahisi ziwekewe saa maalumu. Sheria ya kelele ya New York, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2005 na kuanza kutumika Julai 2007, ilichanganya vigezo kwa namna hii. Kwa mfano, mbwa anayebweka mfululizo kwa dakika 10 mchana au dakika 5 usiku anamweka mmiliki wake hatiani, na ofisa hahitaji kifaa chochote zaidi ya saa yake ya mkononi.

Mkifika kwenye namba, kila mjumbe aelewe kwanza kwamba desibeli hazijumlishwi kama kilo au mita. Ongezeko la desibeli 3 ni maradufu ya nishati ya sauti. Ongezeko la desibeli 10 ni mara kumi ya nishati hiyo, na sikio huisikia sauti kama imekuwa kubwa maradufu. Anayependekeza kikomo kitoke 55 hadi 65 "kwa kulegeza kidogo" anapendekeza jambo zito sana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza wastani wa desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala, na sauti za ghafla zisizidi 45. Mwongozo wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya unapendekeza kelele za barabarani wakati wa usiku zisifike desibeli 45 nje ya nyumba. Msinakili namba hii ya mwongozo wa 2018 moja kwa moja kwenye kifungu cha faini, kwa kuwa ni wastani wa mwaka mzima, na hakuna ofisa awezaye kuuthibitisha kwa kusimama mlangoni usiku mmoja. Itumieni kupanga barabara na makazi. Faini iwekeeni kikomo kinachopimika katika ziara moja.

Namba pia haina maana isipotajiwa mahali pa kupimia. Sheria iseme kipimo kinachukuliwa wapi, kwa muda gani, dirisha likiwa wazi au limefungwa, na kelele nyingine za eneo zinashughulikiwaje. New York, kwa kelele za jumla, hulinganisha chanzo na hali ya kawaida ya mahali hapo: ziada isifike desibeli 10 mchana wala 7 kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi, ikipimwa kuanzia umbali wa takribani mita nne na nusu. Njia hii hutenda haki kwa mtaa mtulivu na mtaa wenye pilikapilika kwa pamoja, jambo ambalo kikomo kimoja kwa jiji zima hakiwezi.

SWALI: Chini ya nyumba yangu kuna ukumbi wa muziki. Besi hutikisa kitanda changu hadi alfajiri. Ofisa alikuja, akapima barabarani, akaniambia ukumbi uko ndani ya kikomo. Je, alinidanganya?

JIBU: Hapana, inaelekea alisoma kipimo chake kwa usahihi, ila sheria imemtuma kupima kitu ambacho sicho kinachokunyima usingizi. Vipima sauti huwa na mizani zaidi ya moja, na sheria nyingi hutumia ile inayoitwa A, iliyoundwa kufuata usikivu wa sikio, ambalo husikia sauti nzito kwa udhaifu zaidi. Kwa sauti ya hezi 63, yaani mitikisiko 63 kwa sekunde, ambayo ni besi halisi, mizani A hupunguza desibeli 26 kutoka kwenye kipimo. Sauti nzito yenye desibeli 70 husomeka kama 44. Wakati huohuo, besi ndiyo inayopenya kuta na sakafu kwa urahisi kuliko sauti nyembamba.

Omba mambo mawili kwa maandishi: kipimo kichukuliwe ndani ya chumba chako cha kulala, na kichukuliwe pia kwa mizani C, ambayo haiipunguzi besi kwa kiwango hicho. Kama sheria ya jiji lako haimruhusu ofisa kufanya hivyo, hapo ndipo pa kudai marekebisho. New York huweka kikomo cha desibeli 42 ndani ya makazi kwa muziki wa maeneo ya biashara, kisha huongeza kikomo cha pekee cha desibeli 45 kwa kila mkanda mwembamba wa sauti kati ya hezi 63 na 500, ili besi isipite bila kuonekana. Ukiwa unasubiri, andika tarehe, saa ya kuanza na saa ya kukoma, kwa kuwa kumbukumbu ya wiki kadhaa humsaidia ofisa kupanga siku ya kuja.

SWALI: Ukumbi wangu umekuwepo kabla ya ghorofa za jirani. Sasa wapangaji wapya wanataka nifunge. Sheria inanilinda?

JIBU: Inategemea mahali ulipo, lakini lipo wazo ambalo linapaswa kuingizwa katika kila sheria ya jiji: anayeleta mabadiliko ndiye anayebeba gharama ya kinga. Jimbo la Victoria nchini Australia lililiingiza katika mipango miji mwaka 2014, na Uingereza ikaliweka katika sera yake ya mipango ya mwaka 2018. Mjenzi anayeweka makazi karibu na ukumbi uliokuwepo hutakiwa kuweka madirisha na kuta zinazozuia sauti kabla ya kupewa kibali. Kinga hiyo haikupi uhuru wa kupandisha sauti. Ukiongeza spika au saa za kazi, wewe ndiwe unayeleta mabadiliko, na gharama inahamia kwako.

SWALI: Mimi ni ofisa wa mazingira. Tuko wachache, tunafanya kazi mchana, na malalamiko huja usiku. Tukifika kesho yake kuna kimya. Kesi chache tunazopeleka mahakamani hufutwa. Tufanye nini? Na je, kamera za kelele zitatusaidia?

JIBU: Ndugu Ofisa, barua yako ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa maana inaonyesha mahali ambapo sheria nyingi hufia. Zamu zipangwe kwa kufuata saa za malalamiko. Kama daftari lenu linaonyesha kwamba mengi huja usiku wa mwisho wa juma, hata maofisa wawili wakihamishiwa saa hizo watafanya kazi kubwa kuliko kumi wa mchana.

Kisha ondoeni kadiri iwezekanavyo ulazima wa kukamata kelele ikilia. Eneo la ujenzi ni mfano mzuri: New York humtaka mkandarasi awe na mpango wa kupunguza kelele na kuuweka kwenye eneo la kazi. Mkaguzi anaweza kufika mchana, akaomba mpango, akaangalia kama vizuizi vya sauti na vinyamazishi vilivyoahidiwa vimewekwa. Kosa linathibitika kwa macho. Kwa kumbi, kibali cha biashara kiwe na sharti la kifaa cha kudhibiti sauti kilichofungwa kwa lakiri, na kuvunjwa kwa lakiri kuwe kosa linalojitegemea.

Kuhusu kesi zinazofutwa, chunguzeni ushahidi wenu kabla ya kumlaumu hakimu. Kipima sauti kihakikiwe kwa kifaa chake maalumu kabla na baada ya kupima, na namba zote mbili ziandikwe. Pimeni pia eneo likiwa bila chanzo kinacholalamikiwa. Tofauti kati ya kipimo chenye chanzo hicho na kisicho nacho ikiwa chini ya desibeli 3, kiwango cha chanzo chenyewe hakiwezi kutengwa kwa uhakika. Ikizidi 10, hakuna haja ya kurekebisha kipimo. Wakili yeyote makini ataanzia hapo.

Faini nayo isiwe lazima ipitie mahakamani. Onyo la maandishi, faini ya papo kwa papo inayoweza kukatiwa rufaa, faini inayopanda kwa kila kosa la kurudia, na hatimaye kusitishwa kwa kibali ni ngazi inayoeleweka na mfanyabiashara. Ngazi ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa kuwa ukumbi wenye faida kubwa unaweza kuihesabu faini kama gharama ya kawaida ya biashara. Jina la mlalamikaji lisitajwe kwa mlalamikiwa katika hatua hizi zote.

Umeuliza pia kuhusu kamera za kelele. Zile zilizojaribiwa Ufaransa mwaka 2022 hutumia maikrofoni kadhaa kutambua mwelekeo wa sauti na kuuunganisha na picha ya gari. Zinafaa kwa pikipiki na magari yenye mabomba ya moshi yaliyochokonolewa, kwa kuwa chombo kina namba ya usajili. Kwa ukumbi au jirani hazitakusaidia.

SWALI: Kamati yetu ya mtaa inapendekeza mikutano ya siasa na nyumba za ibada zisamehewe, na biashara zibanwe. Ni sawa?

JIBU: Si sawa, na ninasema hivi kwa heshima zote kwa ibada na kwa siasa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo la Florida ilibatilisha sheria ya redio za magari, moja ya sababu ikiwa kwamba iliyasamehe magari ya biashara na ya siasa yaliyotoa sauti ileile. Msamaha ufuate dharura, kama ving'ora vya magari ya wagonjwa na matengenezo ya haraka ya maji au umeme. Shughuli nyingine zote ziombe kibali kwa masharti yaleyale: tarehe, saa ya kumaliza, kiwango cha juu cha sauti na idadi ya vibali kwa mwaka katika eneo moja. Jiji linaweza hata kuweka fundi wake kwenye mitambo ya sauti. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliukubali utaratibu huo kwa jukwaa la wazi la Central Park, bustani ya umma ya New York, kwa kuwa ulihusu sauti na haukugusa ujumbe. Orodha ya vibali ibandikwe na kupelekwa kwa ofisa wa zamu kabla ya shughuli, ili anayepiga simu usiku ajibiwe papo hapo kama sauti anayoisikia ina kibali na itakoma saa ngapi.