Kila Desemba Narudi kwa Scrooge

Nimesoma A Christmas Carol ya Charles Dickens kila Desemba kwa miaka 19. Watu huniuliza nafaidi nini na hadithi ambayo mwisho wake naujua: mizuka itamjia Scrooge, yule bahili, usiku, na asubuhi ya Krismasi ataamka akiwa mtu mwingine. Jibu langu ni Fred.

Ujanani Fred sikumwona kabisa. Niliwaona Scrooge, mzuka wa Marley, mshirika wake wa biashara aliyekufa, uliofungwa minyororo, na Tim mdogo, mtoto wa karani wake, na mkongojo wake. Fred, mpwa wa Scrooge, anaingia ofisini, anamwalika mjomba wake kwenye chakula cha Krismasi, anajibiwa kwa ukali, anaondoka bila kinyongo. Baadaye, nyumbani kwake, anawaambia wageni kwamba atamwalika hivyo hivyo kila mwaka, mjomba apende asipende, kwa sababu anamhurumia. Maneno hayo niliyapita mara nyingi bila kuyasikia. Niliyasikia mwaka ambao mimi na kaka yangu tulikuwa hatusemezani.

Ukitaka kuanza desturi hii, soma ubeti mmoja kila usiku. Ndiyo, beti: Dickens aliziita sura zake hivyo kwa kuwa kitabu chenyewe alikipa jina la wimbo wa Krismasi. Ziko tano, kwa hiyo ukianza tarehe 20 utamaliza mkesha wa Krismasi, usiku uleule hadithi inapoanzia. Na usome kwa sauti, hata kama uko peke yako. Dickens mwenyewe aliisoma mbele ya watu kuanzia Birmingham mwaka 1853 hadi 1870, mwaka aliofariki, na sentensi zake bado zinadai mdomo.

Nakuomba sana usichukue toleo lililofupishwa. Jambo rahisi kuachwa humo ni wale watoto wawili waliokonda, Ujinga na Uhitaji, wanaotokea chini ya joho la mzuka wa pili. Kwangu mimi moyo wa kitabu uko pale. Dickens aliandika mwaka 1843, kwa wiki kama sita tu, akiwa ametoka kutembelea shule ya watoto fukara wa London. Yeye mwenyewe akiwa na miaka 12 alifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu huku baba yake akiwa gerezani kwa sababu ya deni. Scrooge anapouliza kama magereza hayapo tena, aliyeandika swali hilo alikuwa anayajua.

Tumia nakala ileile kila mwaka. Penye mstari uliokusimamisha, andika mwaka pembeni kwa penseli. Alama zangu za zamani zote ziko kwa Tim. Za miaka ya karibuni zimehamia ubeti wa tano, Scrooge anapopita mbele ya mlango wa Fred mara kadhaa kabla ya kupata ujasiri wa kubisha.

Mwaka ule wa ugomvi nilikiweka kitabu chini hapo hapo, nikampigia kaka simu. Hakupokea. Mwaka uliofuata, nilipoufikia mlango ule, nikampigia tena. Hakupokea.

Mwaka wa tatu alipokea.