Ndege za Vita Zilipimwaje?

SWALI: Mhariri, kijiweni kwetu kuna ubishi. Mwenzangu anadai kuwa ndege za Vita Kuu ya Pili hazikupimwa kitaalamu: rubani aliruka, akatua, akasema nzuri au mbaya. Basi zile takwimu za kasi tunazosoma zina ukweli gani?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Mwenzako kakosea. Kwenye vituo vya majaribio vya Boscombe Down na Farnborough kule Uingereza, Rechlin ya Ujerumani, na Langley ya Marekani, kote kulikuwa na wahandisi ambao kazi yao kubwa ilikuwa kusahihisha kile mshale wa kipimo ulichoonyesha, kwa sababu mshale hudanganya.

Kipimamwendo cha ndege hulinganisha shinikizo la hewa inayoingia kwenye bomba linalotazama mbele na la hewa tulivu iingiayo kwenye tundu la pembeni. Tundu hilo likikaa mahali ambapo bawa limeshaivuruga hewa, kasi na urefu vyote vinakosewa. Kwa hiyo ndege ilipitishwa chini kando ya mnara, kwa kasi tofauti tofauti, usomaji wa altimita (kipimaurefu) ukalinganishwa na barometa ya mnarani baada ya kuhesabu ndege ilipita juu au chini yake kwa kiasi gani. Tofauti iliyobaki ndiyo kosa la tundu.

Njia nyingine ilikuwa kupita juu ya umbali uliopimwa ardhini, kwenda na kurudi. Hapa wengi huteleza. Tuseme umbali ni kilomita 5, ndege ina kasi ya 400 kwa saa na upepo wa 40 unavuma kutoka nyuma wakati wa kwenda. Kwenda ni sekunde 40.9, kurudi ni 50. Ukigawa jumla ya umbali kwa jumla ya muda unapata 396; ukipata kasi ya kila upande kwanza (440 na 360), kisha ukazijumlisha na kugawa kwa mbili, unapata 400 iliyo sahihi. Na kidole kikichelewa nusu sekunde kwenye stopwochi, kasi ya kwenda inapotea kilomita 5 hivi.

Joto nalo lina ujanja wake. Kwenye kilomita 600 kwa saa, joto la hewa inayogota kwenye kipimajoto linaweza kuongezeka kwa karibu nyuzi 14, kwa hiyo usomaji ule hautumiki hivihivi. Halafu matokeo yote yanapelekwa kwenye hali ya kawaida iliyokubaliwa, nyuzi 15 usawa wa bahari. Kwenu Shangani mchana wa nyuzi 32, hewa ya ufukweni ni nyepesi kama ya mita 600 hivi juu kwenye hali hiyo, hata kabla hujahesabu unyevu. Ndege ileile, siku mbili, namba mbili.

Hata uongozaji uliwekewa vipimo: Robert Gilruth wa Langley alitoa masharti ya nguvu ambazo rubani avute kwenye usukani na jinsi ndege inavyopaswa kuitikia. Walipozidiwa ni karibu na kasi ya sauti. Aprili 1944 huko Farnborough, Spitfire iliyokuwa ikipiga mbizi ilifika zaidi ya 0.9 ya kasi ya sauti, propela ikakatika. Rubani Martindale akaiteleza hadi chini salama.

Kwa hiyo ukikuta kasi isiyotajiwa urefu, uzito wa ndege na nguvu ya injini, usiibishanie.

SWALI: Rubani akiwa peke yake, nani aliandika namba hizo?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Nyingine aliziandika mwenyewe kwenye ubao uliofungwa pajani. Kazi nzito ilifanywa na sanduku lenye seti ya pili ya vipimo, taa na kamera iliyopiga picha kwa vipindi. Adui yake alikuwa baridi ya juu, iliyogandisha mitambo ya kamera, na mabomba marefu yaliyoichelewesha altimita wakati ndege inapanda kwa haraka.

Kifaa rahisi zaidi kilikuwa cha NACA, taasisi ya Marekani ya utafiti wa ndege: sindano iliyochora kwenye kioo kilichopakwa masizi, kasi upande mmoja na mzigo wa mvuto upande wa pili. Kilionyesha ndege ilifikia wapi, lakini hakikuonyesha saa ngapi.