Dawa Hii Haingoji Boti: Maswali Yenu Nayajibu

Maswali yamejaa na mengi ni yaleyale, kwa hivo nimechagua haya. Kwa wageni: mie mtu wa Mkoani, Pemba, nafanya kazi hospitali moja Dar, chumba cha kutayarisha dawa zenye mionzi, hizi anazochomwa mgonjwa kisha kamera ikamsoma ndani, au anazomeza zikamtibu.

Nimevunjika mkono, nimepigwa picha mara tatu mwezi huu, mionzi imebaki mwilini? (Jang'ombe)

Haikubaki. Hiyo eksirei, mashine ikizimwa mionzi imekwisha, kama taa. Na eksirei si kazi yangu, hili nimelijibu mara nyingi mno, jamani someni nyuma kabla hamjauliza.

Mama anatoka Wete, kapewa miadi ya skani ya mifupa huko Dar saa mbili asubuhi. Tutapanda boti ya asubuhi kutoka Unguja. Tukichelewa kidogo kuna neno?

Lipo neno, na kubwa. Hili ndo linaloniuma kuliko yote kwa sababu watu wetu wa visiwani ndo wanaoumia nalo. Boti ya asubuhi ikifunga gati Dar saa mbili imeshapita, bado foleni ya kushuka, bado bajaji, bado kuuliza mlango.

Dawa ya mama ni tekinetiamu 99m na nusu yake inakufa kila masaa sita. Nikiipima saa mbili asubuhi ikasoma megabekereli 740 (ndo kipimo cha nguvu ya mionzi ya dawa), saa nane mchana imebaki 370, saa mbili usiku 185, na hakuna friji ya kuizuia. Tunaipata kwenye jenereta, si ya umeme hii, ni chombo kizito kilichozungushiwa risasi, yale madini mazito yanayozuia mionzi, na ndani mna molibdenamu inayozaa tekinetiamu, asubuhi mapema tunapitisha maji ya chumvi yanatoka na tekinetiamu, wenyewe tunasema tunakama, na kama ng'ombe ukishamkama unangoja ajaze tena. Na molibdenamu nayo nusu yake ni masaa 66, ikifika Jumatatu basi Alkhamisi imeshashuka chini ya nusu. Jenereta zenyewe zinaletwa kwa ndege kutoka nje, vinu vya nyuklia vinavyotengeneza molibdenamu ni vichache duniani tena vingi vizee, mwaka 2009 kinu cha Chalk River kule Kanada kiliposimama hospitali za nchi nyingi zilikosa dawa. Sasa mtu anambia "nakuja, niko njiani" na bado yuko bandarini Malindi!

Nimeshaihesabia dawa ya mama kwa saa yake. Akichelewa masaa mawili si kitu ikiwa nimeambiwa mapema, nahesabu upya. Pigeni simu. Lakini bora zaidi mvuke siku ya kabla mkalale Dar. Ajue pia kwamba baada ya sindano anangoja masaa mawili mpaka manne ndo anaingia kwenye kamera, na muda huo anywe maji mengi na aende chooni mara kwa mara. Miadi ikiangukia Ramadhani semeni mapema, msije mkatuambia sindano ishaingia kwamba kafunga.

Najua uchungu wa kumrudisha mtu. Mwaka wangu wa mwanzo kazini nilijaza sirinji mbili, moja ya mifupa moja ya figo, nikaitwa mlangoni kabla sijabandika lebo. Narudi, maji meupe mawili, hayana rangi hayana harufu, na kipimo hakinisaidii kitu maana zote ni tekinetiamu zinasoma sawa. Ipi ni ipi? Nikazitia zote mbili kwenye pipa la risasi. Mmoja wa wagonjwa wale alikuwa mzee katoka Micheweni, kakaa pale tangu alfajiri na chupa yake ya maji. Nikamwambia ukweli. Akanambia, "Hapana neno mwanangu," akachukua kofia yake akaondoka. Tangu siku ile lebo naandika kabla sijaigusa sindano, na nikimwona kijana kaweka sirinji haina jina nasimamisha kazi yote.

Mume wangu anakwenda kumeza dawa ya tezi ya shingo, ile ayodini. Nina mtoto mchanga nyumbani, tufanyeje? (Bububu)

Kwanza kabla hajenda. Kama wamemwambia apunguze madini joto, ndo ayodini hiyohiyo ya kwenye chakula, basi ni kweli kweli, wiki mbili hivi hakuna samaki wa bahari, dagaa, pweza, mwani wala chumvi ya pakti yenye madini joto. Najua kwetu ni mtihani, lakini tezi ikishashiba madini joto ya kitoweo haiitaki yetu, na dawa inapotea bure. Kama karibuni kapigwa CT kwa ile dawa ya kuchoma mshipani, aseme, ile nayo ina ayodini.

Akirudi alale peke yake, asimpakate mtoto, taulo lake, sahani yake, chooni akae kitako na avute maji mara mbili. Ayodini 131 nusu yake siku nane, lakini siku za kujitenga zinategemea kipimo alichopewa, hospitali itamwandikia, mfuate hizo na si maneno ya jirani. Na barua ya hospitali aiweke mfukoni akisafiri, maana vipimo vya uwanja wa ndege vinaweza kulia hata wiki kadhaa baadae.

Wewe nyonyesha, hapana tatizo. Ingekuwa wewe ndo unayemeza ungeacha kumnyonyesha huyo mtoto moja kwa moja. Nawaomba kina mama, mimba na kunyonyesha msitufiche, hata kama mama mkwe kasimama pembeni. Ombeni tuzungumze faragha.

Kazi hiyo inaua nguvu za kiume?

Kwa viwango vya kazini, hapana. Mara ya nne hii mwaka huu.

Dada, niko mafunzoni kwenye kitengo kama chenu, nina mimba ya wiki saba, naogopa kumwambia bosi asije akanitoa.

Mdogo wangu, mwambie leo. Mfanyakazi anaruhusiwa wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka (ndo kipimo cha mionzi inayompata mtu), lakini mtoto tumboni hesabu yake ni milisiverti moja tu kwa muda wote wa mimba uliobaki, na hiyo moja hakuna anayeweza kukulindia kama hajui. Kukama na ayodini uviache kabisa, kuna makaratasi, kuna kupima ubora wa dawa, kuna kufundisha wenzio. Bosi akikutoa kazini kwa hilo kosa ni lake, nenda juu yake.

Mie muuguzi. Nikivaa aproni ya risasi niko salama?

Aproni inasaidia kiasi kwa tekinetiamu, kwa ayodini karibu haisaidii kitu, na ubaya wake inakupa ujasiri ukasimama karibu. Rudi nyuma, ukiongeza umbali mara mbili kipimo kinashuka mpaka robo, fanya upesi, kaa nyuma ya kioo cha risasi. Pete ya kupima mionzi ivae kidoleni, isikae kwenye droo. Na simu! Mtu kashika chupa ya dawa, na glavu zilezile anajibu ujumbe, kisha jioni simu ileile anachezea mtoto. Simu ibaki nje.

Nasoma skuli Chake, kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Nifike vipi huko?

Ufamasia, kisha mafunzo ya ziada ya dawa za mionzi. Lakini usizikimbie hesabu kwa kuwa uko PCB. Dawa inasoma 800 saa moja asubuhi, nusu yake masaa sita, itasoma ngapi saa saba mchana, na ngapi saa tisa? La kwanza rahisi. La pili nitumie jibu na njia.