Je, Linux itabeba kazi yangu ya upimaji?

SWALI: Mhariri, mimi ni mpima ardhi. Ramani naziandaa kwa QGIS na michoro ya viwanja kwa AutoCAD. Kompyuta yangu inatumia Windows 10 na haikidhi masharti ya Windows 11. Nikihamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kazi zangu zitaendelea?

JIBU: Ndugu msomaji, haraka yako naielewa, kwani Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Hata hivyo, kinachoamua hapa ni programu zako kuliko Linux yenyewe.

QGIS ilianza kuandikwa mwaka 2002 ikiilenga Linux, na hadi leo inafanya kazi humo vizuri, kwa hiyo upande wa ramani sina wasiwasi nao. Chunga jambo moja tu: Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Ikiwa faili moja ya ramani inaitwa Viwanja.shp na mwenzake wa jedwali viwanja.dbf, Windows huziona kuwa pacha, ilhali kwa Linux hazijuani, na jedwali lako laweza kukosekana ukadhani data imepotea. Sawazisha majina kabla ya kuhamisha chochote.

AutoCAD ndiyo ngumu, kwa sababu haitengenezwi kwa ajili ya Linux. Wapo watakaokushauri utumie Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, ambao hutafsiri maagizo ya programu za Windows ili Linux iyaelewe. Kwa programu ndogo naisifu sana, lakini programu kubwa yenye ukaguzi wa leseni na michoro mizito hukwama mara kwa mara, nami nisingependa ikukwamie siku ya kukabidhi kazi. Bora ujaribu BricsCAD, ambayo ina toleo la Linux na husoma na kuhifadhi faili za DWG, yaani aina ya faili za AutoCAD. Ni ya kulipia, ila huruhusu majaribio. Fungua mchoro wako mgumu kuliko yote, kagua fonti na unene wa mistari, uuhifadhi, kisha mwombe mwenzako anayetumia AutoCAD aufungue.

Majaribio hayo yafanye kwenye diski ya pili, ukiiacha Windows ilipo. Usiifute hadi kazi moja kamili, tangu vipimo vya uwandani hadi karatasi inayotoka kwenye plota, iwe imepita Linux peke yake. Plota hasa ndiyo husahaulika, na si zote zenye kiendeshi cha Linux, yaani programu ndogo ya kuiunganisha na kompyuta.