Dirisha la mbao linaoza chini kwanza: soma hii kabla fundi hajaling'oa

Tangu nianze kuweka picha za madirisha yetu huku mtandaoni maswali yanayokuja ni mawili tu. Wanaojenga wanauliza, niweke mbao ama aluminiamu? Walio na nyumba za zamani wanauliza, nitoe ama nirekebishe? Mimi nawajibu wote kitu kimoja: kabla hujafika kwa bei na urembo, niambie maji ya mvua yakigonga hilo dirisha yanaenda wapi. Dirisha la mbao haliuawi na miaka, linauawa na maji yaliyokaa mahali pamoja, na hapo mahali karibu kila wakati ni chini. Sili (ule ubao wa chini wa fremu, unaotokeza nje), pili ile mbao ya chini kabisa ya shata (shata ni hiyo sehemu inayofunguka), na kona mbili za chini. Ukipanda juu unakuta mbao bado iko ngumu kabisa.

Sisi tunakaa Ngara, hapa Nairobi, kwa nyumba ya mawe ya zile za kitambo, madirisha yote ni ya mbao na yanafunguka nje. Tulipoamua kuyashughulikia, karibu kila fundi aliyekuja alikuwa na wimbo mmoja, madam haya yameisha, wacha tuweke aluminiamu ya kusukuma. Siwalaumu sana, kung'oa na kuweka mpya kuna pesa ya haraka, kurekebisha ni kuinama na msasa mpaka mgongo ulie. Yule tuliyekubaliana naye ni mzee mmoja wa Gikomba ambaye hakusema kitu kwanza, alitoa bisibisi mfukoni akaanza kudunga mbao kutoka chini akipanda. Bisibisi ikiingia kirahisi hapo kumeoza, ikigoma hapo ni pazima. Kwa dirisha ambalo wengine walisema limekufa, uozo ulikuwa umepanda upana wa vidole vinne hivi, basi. "Sasa hii utatupa aje, na mbao ni mvule?" akaniuliza.

Na hapo ndo penye hasara kubwa. Nyumba nyingi za zamani za Nairobi zilitengenezewa madirisha kwa mvule, mutarakwa, kamfa, miti iliyokua polepole na ikakatwa ikiwa imekomaa. Leo ukienda kununua, kitu kiko kwa wingi ni saiprasi na paini, mara nyingi mbichi, na mahogani ya kutoka Kongo ambayo bei yake itakufanya ukae chini kwanza. Serikali iliposimamisha ukataji miti kwa misitu ya umma Februari 2018 mbao ilipanda bei, nyingi ikawa inatoka Tanzania, na hata baada ya rais kutangaza 2023 kwamba marufuku imeondolewa sijaona bei zikirudi zilipokuwa. Kwa hivyo mtu akikwambia atang'oa mvule ya kitambo akuwekee saiprasi mbichi ya Jogoo Road, kwa macho yangu huyo anakurudisha nyuma. Afadhali hata angesema aluminiamu.

Sasa kurekebisha. Kwanza rangi. Rangi za kitambo nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu mbaya zaidi kwa watoto, kwa hivyo usikubali mtu aingie na grainda ama apige msasa mkavu ndani ya nyumba. Lowesha, kwaruza ikiwa na unyevu, tandika nailoni chini, vaa maski ya maana si ile ya kitambaa, na watoto wawe kwa shosho yao hiyo siku. Ile mashine ya hewa moto inasaidia lakini karibu na kioo inapasua, na ikipata moto sana inachemsha hiyo risasi inakuwa moshi, sisi tuliiacha.

Halafu uozo. Kuna dawa moja ya mafundi wa Nairobi, unga wa mbao ukichanganywa na gundi nyeupe, inashindiliwa kwa shimo, inapakwa rangi, inakaa poa kabisa mpaka mvua ndefu. Gundi nyeupe ya kawaida inalainika ikikutana na maji, kwa samani za sebuleni haina shida lakini kwa dirisha la nje ni kujidanganya. Shimo dogo jaza na epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili. Uozo mkubwa kata mpaka ufike kwa mbao nzima, halafu unga kipande cha mbao ya aina ileile, mishipa ikielekea upande mmoja, na ile sehemu ya kuungana ikatwe kwa mshazari ikiinamia nje ndo maji yakiingia yateremke yatoke. Mzee wetu alikuwa anakata, anajaribisha, anatoa, anapitisha patasi kidogo tena, anarudisha, mpaka kile kipande kikaingia kwa kugongwa na kiganja tu. Na alikuwa analalamika njia yote kuhusu patasi kuisha makali, mvule huwa na vijiwe ndani yake, madini magumu meupe ambayo mti wenyewe unatengeneza, usimhurumie fundi sana lakini pia usishangae akiitisha muda wa kunoa.

Puti, ile kama udongo laini inayoshika kioo, ndo mahali watu wanaharakisha. Puti ya mafuta ya kitani inakauka vizuri kama mbao haijainyonya mafuta, kwa hivyo ule mkato wa mbao ambao kioo kinakaa ndani yake lazima upakwe praima (rangi ya kwanza ya kuziba mbao) kwanza, usipofanya hivyo mbao kavu inafyonza mafuta yote, puti inabaki chaki, inapasuka, inadondoka, halafu unaambiwa puti ya siku hizi ni feki. Ukishaweka iache ishike ngozi, wiki moja hadi mbili kutegemea baridi, ndo upake rangi. Na rangi ipite kidogo juu ya kioo, milimita mbili hivi, usifuate ule mstari wa puti kwa usahihi kama unapaka kucha. Hiyo milimita mbili ndo inaziba njia ya maji kati ya kioo na puti. Wanaosafisha kioo baadaye na wembe mpaka kwa puti wanaharibu kazi yote.

Kitu kingine, paka rangi kingo za juu na za chini za shata, pale hakuna mtu anaona. Huko ndo mbao inaonyesha vinyweleo vyake, na inakunywa maji kupitia huko kuliko upande mwingine wowote. Nimefungua madirisha ya nyumba za watu yenye rangi safi mbele na nikipitisha kidole chini ni mbao tupu. Fundi alipaka yakiwa yamefungwa.

Dirisha likikwama Aprili usikimbilie randa! Mbao imevuta unyevu imevimba, ukiiranda saa hii, Januari utakuwa na mwanya wa kupitisha vumbi la Thika Road lote. Ngoja ikauke. Ikikwama hata wakati wa jua hapo sasa randa, acha nafasi ya unene wa sarafu kuzunguka, na upake rangi pale uliporanda siku hiyohiyo. Ila kama uko Ruai ama Embakasi kwa ule udongo mweusi, angalia ukuta kwanza, udongo unavimba ukinyesha na kusinyaa kukikauka, nyumba isiyo na msingi wa maana inacheza na fremu inapinda nayo. Hiyo seremala hawezi kutibu.

Kwa wanaojenga, mimi si mtu wa mbao kila mahali. Dada yangu alijenga Ruai na tulibishana sana, mwishowe mbao ikaenda sebuleni na vyumba vya kulala, bafu na jikoni ikawa aluminiamu kwa sababu mvuke wa kila siku sioni haja ya kushindana nao. Pia inategemea paa. Nyumba ambayo paa limetoka nje ya ukuta, ama iko na veranda, hiyo ni ya mbao. Tembelea nyumba ya yule mwandishi Karen Blixen, siku hizi ni makumbusho hapa Nairobi, ilijengwa 1912, uone veranda zinavyokinga ukuta. Lakini hizi maisoneti za sasa za paa lililofichwa nyuma ya ukuta, maji yanashuka moja kwa moja hadi kwa kioo, ukiweka mbao hapo jiandae kupaka rangi mara nyingi. Upande wa magharibi nao jua la alasiri linakula vanishi haraka sana. Vanishi inayong'aa ni nzuri kwa picha, kwa upande huo mimi ningeweka rangi ya mafuta.

Ukinunua mbao, beba kipande kimoja ulinganishe na kingine cha saizi hiyo, kizito kuliko mwenzake mara nyingi ni kibichi. Angalia ncha kama zimepasuka, angalia kwa urefu kama imepinda. Saiprasi inafanya kazi ukichukua moyo wa mti, ile rangi ya kahawia, na uache ile nyeupe ya pembeni manake ndo chakula cha wadudu. Paini bila dawa usiweke nje, nunua iliyotiwa dawa kwa presha. Na elewaneni na fundi kipimo cha baada ya randa, mbao ya inchi 4 kwa 2 ikipigwa randa pande zote haibaki 4 kwa 2, wengi wanagombana hapa bure.

Sili iinamie nje, na chini yake kuwe na kamfereji kadogo kwa urefu wake wote, kasiguse ukuta. Maji yakifika hapo yanashindwa kuvuka, yanadondoka. Bila hako kamfereji yanatambaa chini ya sili yanarudi kwa ukuta, ndo ile madoa unaona chini ya madirisha mengi ya hii mji. Ni dakika chache za mashine, itisha kabla hujalipa. Upande wa fremu unaogusa mawe upakwe lami ya kuzuia maji, na kama inawezekana fremu iingie baada ya plasta, simiti mbichi na mbao mpya havipatani.

Oili chafu ya gari kuzuia mchwa, hapana. Rangi haitashika juu yake milele. Ukiona vitundu vidogo na unga mwepesi mpya chini yake, hao ni wadudu wako ndani na wanakula saa hii, nunua dawa ya mbao, sindano iingie kwa kila kitundu. Vitundu vya zamani visivyotoa unga achana navyo, ziba tu.

Grili iwe ya kufungwa kwa nati kutoka ndani, si ya kuchomelewa moja kwa moja, usipofanya hivyo hutawahi kufikia mbao kuipaka rangi, na angalau chumba kimoja cha kulala kiwe na grili ya kufunguka na ufunguo karibu, moto haubishi hodi. Na zile venti za juu ya dirisha, najua Julai ni baridi na watu wanazijaza magazeti, lakini kama unawasha jiko la makaa ndani tafadhali usizibe, gesi ya sumu ya makaa haina harufu.

Na mwisho, yale madirisha ya nyumba zinazobomolewa Kileleshwa na Lavington yanauzwa, na mengi ni mbao ambayo huwezi kupata tena kirahisi. Nenda na bisibisi na futi kamba. Angalia hinji, kama ni za shaba chini ya hiyo rangi ziloweke kwa maji moto rangi ilainike itoke. Ila nunua mapema, hayakuja kwa saizi za leo, mwashi anafaa ajenge nafasi akifuata dirisha, kwa hivyo kabla hajafika kwa linta (ile boriti ya juu ya dirisha) uwe umeshampa vipimo.