Pointi za hoteli: nifanyeje zisife?

Swali: Kazi yangu ya zamani ilikuwa ya safari. Nimebaki na pointi 41,000 za Marriott Bonvoy na 9,500 za IHG One Rewards, mipango ya hoteli ya kuwazawadia wageni wao. Marriott nililala mara ya mwisho miezi 20 iliyopita, IHG miezi 10. Sasa sisafiri tena kikazi. Naweza kuziokoa bila kulipia chumba? (Msomaji, South B, Nairobi)

Jibu: Anza na IHG, maana ndiyo iliyo ukingoni. Pointi za mwanachama wa kawaida hufutwa miezi 12 ikipita bila kupata wala kutumia pointi yoyote. Aliyefika daraja la Silver, ambalo hupatikana kwa kulala usiku 10 kwa mwaka, hana hofu hiyo maadamu daraja lake lingalipo. Marriott, Hilton na Hyatt hutoa miezi 24. Kote huko hesabu ni ya akaunti nzima: pointi ya mwaka juzi na ya wiki jana huisha siku moja, kwa hiyo tendo moja dogo huziokoa zote.

Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa kwa Wamarekani, na dawa yao ni kadi ya benki yenye nembo ya hoteli, ambayo ukinunulia kitu huingiza pointi. Wewe wa South B huna kadi hiyo. Kwa IHG, njia ya haraka ni kununua pointi 1,000 kwenye tovuti yao. Bei ni ya dola, na ukikosa kadi ya benki, kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay hufanya kazi. Lakini piga hesabu kwanza. Pointi moja ya IHG huchukuliwa kuwa na thamani ya nusu senti ya dola hivi, kwa hiyo 9,500 zako ni kama dola 47. Kuzilipia mara moja ili upate muda wa kuzitumia ni sawa. Kuzilipia kila mwaka ni kufuga ng'ombe asiyetoa maziwa.

Kwa Marriott huna haja ya kutoa hata shilingi. Badilisha pointi 3,000 ziwe maili za ndege, yaani pointi za mashirika ya ndege, kwa mfano za Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, ambako pointi 3 hutoa maili 1. Utapata maili 1,000, zitabaki pointi 38,000, na miezi 24 itaanza upya. Jina liwe lilelile kwenye akaunti zote mbili: ukiwa "Wanjiku" huku na "M. Wanjiku" kule, ombi linaweza kukwama.

Wengi hujikwaa hapa: kumtumia mkeo au mumeo pointi za Marriott hakuhesabiwi kuwa shughuli ya akaunti, wala yeye kuzipokea hakumwongezei siku. Watu hufanya hivyo wakiamini wameokoa pointi, kumbe zinaendelea kuzeeka palepale.

Ukiamua kulala usiku mmoja, tuseme JW Marriott ya Westlands, weka nafasi kwenye tovuti au programu ya hoteli yenyewe na utaje namba yako ya uanachama mapokezini. Chumba kilichonunuliwa kupitia Booking.com au Expedia kwa kawaida hakileti pointi. Vivyo hivyo vyumba vya semina ambavyo bili yake huenda moja kwa moja kwa mwajiri. Uliza kabla ya kuingia, si siku ya kuondoka. Kuweka nafasi pekee hakusaidii kitu. Pointi huingia baada ya kutoka hotelini, na huchukua siku kadhaa, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho. Jipe mwezi mzima.

Badilisha pia barua pepe. Kama akaunti bado inatumia anwani ya kazini ulikotoka, onyo la pointi kuisha litaenda kwenye sanduku usiloweza kulifungua. Na Marriott hawarudishi pointi zilizokwisha kufutwa, hata ukianza tena kulala kwao.

Baada ya kila tendo, ingia kwenye akaunti, fungua orodha ya shughuli, uone kama limeandikwa na kwa tarehe gani. Hesabu miezi 12 au 24 kuanzia hapo, toa miezi miwili, uiweke siku hiyo kwenye kalenda ya simu.